Kwa Miguu ya Kambarage

Mwezi Oktoba mwaka 1967, Rais wa Tanzania, Julius Kambarage Nyerere, alitoka kijijini kwao Butiama akashika njia kwa miguu kwenda Mwanza. Miezi minane ilikuwa imepita tangu TANU itangaze Azimio la Arusha, na mkutano mkuu wa chama ulikuwa unafanyika Mwanza. Wakati huo nchi nzima ilikuwa ikitembea. Makundi ya vijana yalivuka mikoa kwa miguu kuliunga mkono Azimio, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifia njiani akitoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere naye akatembea: karibu kilomita 220, kwa siku nane, pamoja na wote walioungana naye.

Njia hiyo ndiyo niliyoichagua nilipopanga kumpeleka mpwa wangu Butiama. Ana miaka 12, na Mwalimu anamfahamu kwa picha ya ukutani darasani na kwa sura iliyo kwenye noti ya shilingi 1,000. Tuliifuata kinyume chake, kutoka Mwanza kwenda Bunda, Musoma, hadi Butiama, tukiwa na dereva mzaliwa wa Bunda aliyeijua kila kona. Nilitaka kijana aone kwamba historia ya nchi hii haiko Kilwa, Bagamoyo na Unguja peke yake. Huko kuna magofu, misikiti ya kale na milango ya nakshi. Mkoa wa Mara hauna hayo. Walioishi humo hawakuacha kuta. Walichoacha ni njia walizopita. Kwa hiyo anayetaka kuuona vizuri hana budi kuupima kwa hatua: nani alitoka wapi, akaenda wapi, na kwa nini alikubali kuchoka kiasi hicho.

Tulivuka Mto Simiyu, tukapita Magu, tukafika Lamadi. Baada ya hapo dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Kushoto, nyuma ya mashamba ya mpunga na pamba, Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria ilikuwa inameta. Kulia ilianza mbuga tambarare ya Serengeti, ile sehemu ya magharibi inayonyoosha mkono kuelekea ziwani. Hapa ndipo mito ya Mbalageti na Grumeti inapokamilisha safari yake kutoka ndani ya hifadhi. Karibu na lango la Ndabaka pundamilia walikuwa wanakula nyasi, umbali wa kutupa jiwe kutoka lami, na abiria wa basi lililokuwa mbele yetu walikuwa wamejaa madirishani upande mmoja.

“Mjomba, hawa hatulipii?” mpwa wangu aliuliza.

Dereva ndiye aliyemjibu. Alisema watu wa hapa hulipa kwa namna nyingine. Tembo wakitoka usiku, shamba la mahindi la mwaka mzima huisha kabla ya alfajiri, na mwenye shamba hubaki na debe la kugonga na tochi. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na tangu hapo mpaka umepita katikati ya nchi ambayo awali mtu na mnyama waliigawana kwa majira. Kati ya hifadhi na ziwa umebaki ukanda mwembamba, na humo humo wanaishi wakulima, wafugaji na wavuvi. Nilifurahi kwamba kijana alipata maelezo hayo kabla hajachukua simu kupiga picha. Nyumbu wanaofika upande huu wa magharibi kila mwaka, kuanzia Mei hivi, huja kwa miguu kutoka kusini kabisa mwa hifadhi. Hata wanyama wa huku sifa yao ni mwendo.

Bunda ni mji wa njia panda. Barabara kuu inaupasua katikati kuelekea Musoma na mpaka wa Sirari, na nyingine inatoka kwenda Kibara na Kisorya, ambako watu huvuka maji kwenda Ukerewe. Katika genge moja unaweza kusikia Kisukuma, Kijita, Kiikizu, Kikerewe na Kikurya, kisha wote wakahesabiana chenji kwa Kiswahili. Tulikula kwa mama ntilie karibu na stendi: ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi na mzito, na sato wa kuchemsha mwenye nyanya na kitunguu tu. Mama aliponiona nahangaika na miiba alinisogezea bakuli la mchuzi akasema, “Kula taratibu baba, ziwa halihami.”

Mashariki ya mji kuna milima ya Ikizu, na huko historia huanza na safari ya mwanamke. Wasimulizi wa Ikizu husema utemi wao ulitokana na Nyakinywa, aliyetoka Kanadi katika Usukuma akiwa na ujuzi wa mvua. Alimkuta Isamongo, mwindaji, mwenye moto. Yeye alikuwa na maji, mwenzake ana moto, na kutokana na kukutana kwao watu wakapata utawala. Wazee P. M. Mturi na S. Sasora waliyaandika masimulizi hayo katika *Historia ya Ikizu na Sizaki*, na mwanahistoria Jan Bender Shetler akayahariri. Nimeyataja kwa sababu watu wengi hudhani historia ya bara haikuandikwa. Wazee hawa waliona vijana wanasahau, wakachukua kalamu. Na ukiitazama ardhi ya Bunda wakati wa kiangazi, vumbi likipanda na mifugo ikifuata mkondo uliokauka, unaelewa kwa nini watu hawa walimpa uongozi yule aliyeweza kuita mvua. Hapa mvua ni siasa.

Toka Bunda kwenda kaskazini barabara hupita katikati ya vilima vya mawe. Ni mawe makubwa ya mviringo, yamepangana moja juu ya jingine, na katika nyufa zake imeota mikuyu na mikatani. Tulipita Kiabakari, ambako wakati wa mkoloni kulikuwa na mgodi wa dhahabu na leo mahujaji Wakatoliki hufika kwenye kituo cha Huruma ya Mungu. Kisha tukafika Makutano, njia zinapogawanyika: kushoto Musoma, mbele Tarime na Sirari, kulia Butiama. Mpwa wangu alitaka twende kulia moja kwa moja. Nikamwambia twende kwanza Musoma, kwani mtoto wa Butiama hakuanza kujulikana akiwa Butiama.

Musoma ni mji uliozungukwa na maji karibu pande zote. Ukitembea Barabara ya Mukendo, yenye maduka ya zamani yaliyojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, mara unaona ziwa mwisho wa mtaa. Ukigeuka kona, unaliona tena. Bandari yake ilikuwa na gati la kupokea mabehewa ya treni. Meli za Uhuru na Umoja, zilizoanza kazi miaka ya 1960, ziliyabeba mabehewa yakiwa na mizigo yake kati ya Kisumu, Jinja, Mwanza na Musoma. Reli haikuwahi kufika Musoma, lakini mabehewa yalifika kwa maji. Pamba ya wilaya hizi ilijengewa kiwanda cha nguo hapa, MUTEX, kwa imani kwamba mkulima anayelima pamba anapaswa kuvaa khanga iliyofumwa kwao.

Asubuhi tulishuka ufukweni Mwigobero. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa imerudi kutoka kuvua usiku, taa zikiwa bado zimefungwa kwenye vielea vyake. Dagaa huvuliwa giza la mwezi, kwa sababu mwanga wa taa huwavuta pale tu anga linapokuwa halina mwanga wake. Wanawake walikuwa wameshaanika kwenye nyavu na juu ya majabali, wakiwageuza kwa mifagio ya njiti, na bei zilikuwa zinapanda na kushuka kwa sauti. Dagaa ndio wanaolisha nyumba nyingi sasa. Sangara, aliyeingizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, alileta viwanda na fedha za nje, na pia akala furu hadi aina nyingi zikatoweka. Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu alimwambia mpwa wangu kwamba utotoni mwake furu walikuwa samaki wa watoto, wa kuvua kwa ndoano ya pini. Kijana alimwamkia, akakaa chini, akamsaidia kushika kamba. Niliwaacha, maana hilo lilikuwa somo zuri kuliko yote niliyokuwa nimeandaa.

Kutoka hapo tulikwenda Shule ya Msingi Mwisenge. Mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alipokelewa hapa akiwa na miaka 12. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu alipomtembelea Chifu Burito alicheza bao na kijana huyu, akaona akili yake, akamshauri baba yake ampeleke shule. Chifu alikuwa na watoto 26, na hakuna aliyetarajia kwamba huyu ndiye atakayeondoka. Kutoka Butiama hadi Mwisenge ni kama kilomita 40, na watoto wa zama zile walizitembea. Mmoja wa walimu waliompokea ni James Irenge, ambaye jina lake hutajwa kwa heshima Musoma mpaka leo, kama mtu aliyefundisha mwalimu wa wengine.

Mwisenge bado ni shule ya umma, yenye kelele za mapumziko, watoto wenye sare zilizofuliwa sana, na kitengo cha wanafunzi wasioona wanaosoma pamoja na wenzao. Nililipenda jambo hilo kuliko ambavyo ningelipenda jengo tupu lenye kibao. Mpwa wangu alisimama mlangoni mwa darasa moja kuukuu akahesabu kimyakimya. Aliponigeukia aliuliza kama Kambarage alikuwa anarudi kwao kila Jumamosi. Nikamweleza kwamba ilikuwa shule ya bweni, na kwamba siku za dini yeye na rafiki yake walitembea tena, kwenda misheni ya Nyegina kujifunza katekisimu. Huko Nyegina ndiko alikobatizwa Desemba 1943 na kupewa jina la Julius, mwaka ule ule alioingia Makerere. Kati ya Mwisenge na Makerere kulikuwa na Tabora. Baada ya Makerere kulikuwa na Tabora tena, akiwa mwalimu, kisha Edinburgh. Kila hatua ilimpeleka mbali zaidi na nyumbani, na kila mara alirudi.

Siku iliyofuata tulirudi Makutano na kushika njia ya mashariki. Nchi inapanda taratibu. Miji ya Wazanaki imekaa vilimani na kwenye mabonde ya mtama, mihogo na migomba michache, ng'ombe wakichungwa kando ya barabara na watoto wenye fimbo ndefu. Butiama yenyewe ni mji mdogo wa makao makuu ya wilaya, ofisi, soko, shule na kanisa. Juu kidogo, kati ya majabali na miti mikubwa, ndiko Mwitongo, boma la Chifu Burito.

Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa mwaka 1999, naye akiwa bado hai, na yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Mle ndani mna picha za baba yake na za harakati za uhuru, mavazi, samani, na zawadi alizopewa na wageni na mataifa. Mwongoza wageni, kijana wa Kizanaki, alitueleza kwa utulivu, bila kukariri. Alipofika kwenye kisa cha jina, sauti ilibadilika kidogo: siku Kambarage alipozaliwa, 13 Aprili 1922, mvua ilikuwa inanyesha, akapewa jina la mzimu wa mvua. Nikamkumbuka Nyakinywa wa Ikizu. Njia nzima tuliyopita, kumbe, ilikuwa nchi ya watu wanaotazama juu wakisubiri mawingu.

Mawazo hayo yalinielewesha kitu kimoja nilichokiona Mwitongo: ghala la nafaka. Wageni wengi hulipita haraka kuelekea kaburini. Mimi nilisimama pale muda mrefu. Mtu aliyezungumza kwenye Umoja wa Mataifa, aliyewapa hifadhi wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe na Afrika Kusini, alijenga ghala kijijini kwao kwa sababu alijua njaa ni nini kwa mtu anayelima. Alipostaafu mwaka 1985 alirudi hapa kulima. Wazee wa kijiji walicheza naye bao. Jioni aliandika, akakamilisha kazi ya kuziweka Injili katika tenzi, kama vile miaka ya 1960 alivyowaletea Waswahili *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Nyumba kubwa aliyojengewa na Jeshi la Wananchi ipo palepale, na hakuishi humo muda mrefu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa hapa siku tisa baadaye, karibu na wazazi wake, Chifu Burito na Mama Mgaya wa Nyang'ombe.

Tulisimama kaburini na familia moja kutoka Singida iliyokuwa imekuja na bibi yao. Bibi alivua viatu, akapiga ishara ya msalaba, akaomba kwa sauti. Kwa Wakatoliki wengi hapa ni mahali pa sala pia. Tangu mwaka 2005 Jimbo la Musoma limekuwa likisimamia mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenyeheri, naye huitwa Mtumishi wa Mungu. Jirani na boma kuna msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki wameuheshimu tangu zamani, na ambao miti yake haikatwi ovyo. Kanisa na msitu vinatazamana, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Nadhani huo ndio ukweli wa maisha ya Mwalimu pia: alikuwa Mkristo wa sala za alfajiri, na Mzanaki aliyejua majina ya mababu zake, bila kuona kwamba kimoja kinamnyang'anya kingine.

Mwaka 1995 India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, wa kwanza kuipokea alikuwa Nyerere. Wahindi walijua wanachokitambua. Katika mji wa kale wa Porbandar, Gujarat, wameitunza nyumba aliyozaliwa Gandhi na kujenga kando yake ukumbi wa kumbukumbu, na watalii wa ndani huingia humo kila siku ya mwaka, si siku ya kuzaliwa na siku ya kufa tu. Butiama hujaa Aprili 13 na Oktoba 14. Siku nyingine nyingi mwongoza wageni husubiri.

Hilo linaniuma, na ninaamini linaweza kubadilika bila fedha nyingi. Wapo walioanza: waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama hutoka Dar es Salaam wakapita mkoa kwa mkoa hadi Mwitongo, wakipanda miti na kutembelea shule njiani. Wameelewa kwamba mahali hapa panataka mtu afike amechoka kidogo. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi. Njia ya Kambarage kutoka Butiama hadi Mwisenge ipewe alama: jiwe kila baada ya kilomita kadhaa, lenye maneno machache ya kweli kuhusu mahali hapo, kijiji chake, kisima chake, watu wake. Shule za Mara, na baadaye za mikoa mingine, ziwalete watoto wa miaka 12 waitembee kwa siku mbili, walale njiani kwa wenyeji, wale ugali wa muhogo, waulize maswali. Halmashauri za Butiama na Musoma zinaweza kulianza hili kwa rangi, mawe ya hapahapa na walimu wenye moyo. Kijiji kitakachowapokea kitauza chakula na hadithi, na wazee wenye kumbukumbu watapata masikio kabla hawajaondoka nazo.

Nilimwuliza mpwa wangu kama yeye angeweza kutembea njia hiyo. Alifikiri, akasema kilomita 40 ni nyingi, lakini kwa siku mbili anaweza, akiwa na wenzake na kofia. Kisha akauliza ni lini. Swali hilo sikuweza kulijibu peke yangu, na ndiyo maana nimeliandika hapa, kwa kila mzazi, mwalimu na diwani wa Mara atakayesoma: tuwape watoto tarehe.